Redio ya mezani yenye sauti safi: Cheki hizi vitu kabla utoe doo yako, haswa kama ocha ni Takawiri

Desemba moja nilishuka boti Takawiri nikiwa nimebeba boksi kubwa kuniliko. Ndani kulikuwa na redio mpya ya dani: taa za disko zinazobadilisha rangi, mahali pa memori kadi, Bluetooth, na stika mbele imeandikwa wati 1000. Msee wa duka aliichapa mpaka kioo cha kabati kikatetemeka. Nikajiambia hapa dani ataniombea mpaka mwaka ujao.

Jioni tukaiwasha saa ya matangazo ya vifo. Kama umelelewa pande za ziwa unajua hiyo saa haichezewi, hata watoto wananyamazishwa. Dani alikuwa na rafiki yake mgonjwa huko Mfangano, kwa hivyo akasogeza kiti karibu. Mtangazaji akaanza kusoma. Tukasikia "nyar", yaani binti wa mahali fulani, halafu hilo jina la mahali, lenye ndio linakuambia ni nani haswa, likamezwa na besi. Dani akaongeza sauti. Besi ikaongezeka. Mwisho ikabidi kijana atumwe kwa jirani mwenye redio ya zamani aulize nani amekufa.

Aliporudi akasema si yule rafiki. Dani akashusha pumzi, akaniangalia, akaniuliza kwa Dholuo: "Nyakwara, huyu mtu anaongelea ndani ya debe?"

Tangu hiyo siku nimefuatilia hii maneno ya redio kuliko venye niliwahi kufuatilia lekcha yoyote nikiwa chuo (na ndio, chuo niliacha, hiyo ni stori ya siku ingine). Kama unapanga kupeleka redio ocha, ama unataka ya keja yako, soma hii kwanza.

Kelele si sauti

Kitu cha kwanza ni kujua ni nini unatafuta. Sauti ya mtu akiongea inaeleweka kwa sehemu ya katikati. Laini za simu za zamani zilikuwa zinapitisha kama hezi 300 mpaka 3,400 peke yake, na bado ulikuwa unamtambua mathako bila shida. Herufi kama "s", "f", "t" na "k", zenye ndio zinatofautisha jina moja na lingine, ziko huko juu. Besi iko chini, karibu hezi 200 kushuka. FM yenyewe inaleta mpaka hezi 15,000, kwa hivyo stesheni imekutumia kila kitu. Kama hausikii, shida iko kwa boksi lako ama kwa antena yako.

Sasa redio nyingi za bei ya chini zinacheza mchezo mmoja. Kaspika kadogo hakawezi kutoa besi ya ukweli, kwa hivyo mtengenezaji anapandisha ile sehemu ya juu ya besi mpaka inavimba. Dukani unasikia kitu kizito, unabambika. Nyumbani mtangazaji wa kiume anaanza kusikika kama ameingia ndani ya mtungi. Hiyo ndio debe ya dani.

Halafu kuna hii uongo ya wati. Ile namba kubwa mbele ya boksi mara nyingi ni PMPO, namba ya matangazo isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika. Namba ya maana ni RMS, yaani nguvu yenye redio inaweza kutoa bila kupumzika. Na kuna njia rahisi ya kumshika muongo: geuza adapta usome. Volti mara ampia ndio wati. Kama redio inakula umeme wa volti 5 na ampia 2, hiyo ni wati 10, na hapo ndani taa za disko na Bluetooth pia zimekula zao. Wati 1000 zitatoka wapi? Kwa ziwa?

Na by the way, redio ya mezani haihitaji wati nyingi. Kwa chumba cha kawaida wati moja ama mbili za ukweli zinatosha, bora spika iwe nzuri. Spika yenye inatoa desibeli 90 kwa wati moja inahitaji robo tu ya nguvu yenye spika ya desibeli 84 inahitaji ndio zilingane. Kama unatumia betri ama sola, hiyo ni siku kadhaa za kusikiliza. Sema tu, redio za kawaida haziandikwi hiyo namba, kwa hivyo itabidi utumie maskio.

Spika na boksi lake

Spika ya inchi 3 mpaka 4 ndani ya boksi nzuri inaishinda spika mbili za inchi 2 ndani ya plastiki nyembamba, kila siku. Mwaka 2000 kampuni ya Tivoli Audio huko Marekani ilitoa redio ya mezani inaitwa Model One, kazi ya mhandisi Henry Kloss. Boksi la mbao, spika moja tu ya inchi 3, haina hata stereo. Watu waliipenda juu ya sauti. Sikuambii uitafute, bei yake ni ya watu wengine. Nakuambia tu ujue kwamba spika moja si ufukara.

Boksi linapimwa kwa kidole. Gonga kando na nyuma. Likilia kama debe la mafuta, litalia hivyo hata mtangazaji akiongea, juu ukuta wa boksi unacheza pamoja na spika. Likitoa mlio mfupi, mzito, unaokufa haraka, hapo kuna kitu. Mbao na MDF huwa poa, lakini plastiki nene yenye imewekwa mbavu ndani pia inafanya kazi. Uzito unasaidia kukuambia, ingawa sikuhizi kuna wajanja wanaongezea kipande cha chuma ndani ndio boksi lijifanye zito. Angalia pia wavu wa mbele. Kuna redio zinaonyesha spika mbili, ukimulika na tochi ya simu unapata moja ni pambo.

Venye utaijaribu dukani

Msee wa duka atakuwekea flashi yake yenye iko na ngoma moja aliyoichagua juu inafanya kila redio isikike kali. Mwambie asante, lakini weka FM. Flashi inakuonyesha spika peke yake. Haikuambii kama redio inashika stesheni, na hiyo ni nusu ya pesa yako.

Zima taa za disko, zima ile batani ya besi ya ziada. Tafuta stesheni ya watu wanaongea, taarifa ama kipindi cha kupiga simu. Weka sauti chini kabisa, kama vile mtoto amelala, urudi nyuma hatua nne. Unasikia kila neno? Kama lazima uongeze ndio ushike maneno, wacha hiyo redio hapo. Redio nzuri inaeleweka ikiwa chini. Ile mbaya inaeleweka tu ikipiga kelele, na ikipiga kelele inachosha, ndio maana dani alikuwa anazima yangu baada ya dakika kumi.

Baada ya hapo weka muziki, na mimi husema benga ndio kipimo bora Kenya nzima. Chukua ngoma yoyote ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Kuna gita la solo linakimbia huko juu, na gita la besi linaongea nalo chini, kila moja na njia yake. Kwa redio nzuri unaweza kufuata lile la besi noti kwa noti, unajua limeenda juu ama limeshuka. Kwa redio mbovu besi yote ni noti moja: du, du, du. Kama unataka mtihani mgumu zaidi tafuta nyatiti. Nyuzi nane, halafu mchezaji ana njuga mguuni zinaitwa gara, na pete ya chuma kwa kidole cha mguu, oduong'o, yenye anagongea ala yenyewe. Hizo njuga zinafaa kusikika kama chuma. Zikisikika kama mtu anakunja karatasi ya mandazi, sauti za juu zimepotea.

Mwisho ongeza mpaka kiasi cha robo tatu. Sikiliza kama kuna kitu kinakwaruza ama kutetemeka. Hapo umemaliza. Dakika kumi, na kama muuzaji ameanza kununa, nunueni kwingine.

Ex-Japan na ex-Amerika: hapa wengi wameliwa

Redio za mtumba zinaweza kuwa na sauti tamu sana, haswa za Japani. Lakini unajua ile shida ya magari kutoka Japani, redio inafika 90 inagonga ukuta? Hata za mezani ni hivyo. Japani FM yao inaanza 76 na kwa redio za zamani inaishia 90. Kenya tuko 87.5 mpaka 108. Utabaki na kipande kidogo mwanzoni, na Ramogi utaisikia kwa jirani. Halafu umeme wao ni volti 100, wetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja kwa ukuta utaskia harufu kabla uskie wimbo.

Za Marekani ni volti 120, pia hapana bila transfoma. Na kama ni ya dijitali, nyingine zinaruka kwa namba zisizogawanyika, 88.1, 88.3, 88.5, kwa hivyo stesheni ya 88.4 haipatikani vizuri. Baadhi ziko na swichi ya kubadilisha nyuma ama chini ya betri, uliza. Za Uingereza plagi inaingia bila adapta na umeme unalingana, lakini usidanganywe na neno DAB. Hiyo ni dijitali yao, huku ocha haina kazi. Hakikisha imeandikwa FM.

Takawiri sasa

Kama haujawahi kufika, Takawiri ni kisiwa kidogo cha Homa Bay, unapanda boti Mbita. Mchanga mweupe, minazi, watalii wanakuja kupiga picha za jua likizama. Lakini wenye kisiwa ni watu wa samaki: omena usiku kwa taa, mbuta, ngege. Na kwa mvuvi redio si ya kuburudika tu. Ziwa Victoria linaweza kubadilika ndani ya saa moja, upepo na radi za usiku zimemaliza watu wengi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, na mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 ulifanya kazi ya kuboresha hizo tahadhari kwa nchi zinazozunguka ziwa. Ukisikia "mawimbi" lakini ukose kusikia ni saa ngapi na ni upande gani, umesikia nini?

Stesheni zenye watu wanataka ni Ramogi, Mayienga ya KBC, na zile za Kiswahili kama Citizen. Kuna pia Ekialo Kiona, redio ya jamii huko Mfangano yenye inatangaza kwa Olusuba na Dholuo. Kwa wazee hiyo ni kitu kubwa, juu watoto wengi wa Abasuba sikuhizi wanaongea Dholuo tu.

FM inatembea kwa laini moja kwa moja, karibu kama mwanga wa tochi. Maji hayana milima, hiyo ni faida, na jioni zenye hewa imetulia ziwani unaweza kushika stesheni za Tanzania ama Uganda bila kutafuta. Lakini upande wa magharibi Mfangano imesimama na kilima cha Kwitutu, zaidi ya mita 500 juu ya ziwa. Kinaweza kukufungia mawimbi yanayotoka huko nyuma yake, na kinaweza kurudisha yale yanayotoka bara. Redio yako inapokea stesheni moja mara mbili, moja imechelewa kidogo tu, na unasikia sauti inapasuka kwa "s". Wengi wanadhani spika imeharibika. Sogeza redio hata nusu mita uone.

Antena nzuri ya FM ina urefu wa kama sentimita 75, hiyo ni robo ya wimbi kwa megahezi 100. Kale kaantena kafupi kama kidole ni ka mapambo. Kama redio yako ina sehemu ya kufungia antena ya nje nyuma, tengeneza ya waya: vipande viwili, kila kimoja sentimita 75, vinyooshe kama mikono ya msalaba, katikati unganisha na waya unaoenda kwa redio. Vile vinakaa, upana wake ndio uelekee stesheni, si ncha. Kama redio ina ya kuvuta tu, funga waya moja juu yake na kibanio cha nguo upitishe dirishani. Radi ikianza, toa nje ya nyumba na uchomoe kila kitu.

Kama stesheni bado ina mvumo wa "shhhh", tafuta swichi ya mono. Stereo inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Ukihamia mono huo mvumo mwingi unapotea hapo hapo, na kwa redio ya spika moja haujapoteza kitu.

Kitu kingine chenye wasee hawajui ni kwamba sola inaweza kuharibu redio. Paneli yenyewe haina neno. Ni ile kontrola, inveta, na balbu za LED za bei rahisi ndio zinatoa kelele ya umeme yenye redio inashika, haswa kwa AM. Jaribu hivi: washa redio kwa betri zake, halafu zima balbu moja moja na inveta. Ukipata adui, sogeza redio mita mbili tatu kutoka kwake.

Umeme wenyewe

Kisiwani usinunue redio yenye inakula stima ya ukuta peke yake. Tafuta yenye inakubali njia zaidi ya moja. Mawe makubwa bado yanafanya kazi: redio inayovuta miliampia 100 inaweza kwenda kama saa 60 kwa mawe ya kawaida, na zaidi kwa alkalini. Lakini yakiisha yatoe, yakivuja yanakula shaba yote ndani. Zile za betri ya lithiamu ya kuchaji ni poa pia, bora betri iwe ya kutoka na ya saizi ya kawaida, 18650, ndio ikifa ununue ingine. Iliyogundishwa ndani ikifa, redio imekufa.

Na kama nyumbani kuna seti ya sola ya kulipia pole pole, cheki kwanza. M-KOPA walianza 2012, na kuna seti zao zenye zilikuja na redio ndani. Watu wengi wana karedio hivyo kwa kabati. Kwa taarifa kanatosha, kwa benga hapana.

Mahali utaiweka

Nyumba ya mabati bila siling'i inarudisha sauti kama kisima, na mvua ikinyesha hausikii kitu. Mvua haina dawa. Mwangwi unapungua ukiwa na pazia, viti vya vitambaa, godoro, hata shuka ukutani. Redio iweke kwa usawa wa maskio ya mtu ameketi, ikiangalia watu. Ukiisukuma kwa kona besi inaongezeka. Hiyo ni nzuri kwa redio nyembamba na mbaya kwa redio ya debe. Meza ikitetemeka weka kitambaa kilichokunjwa chini. Na usiku wa vile vijidudu vya ziwa vinavyokuja kama moshi kwa taa, funika mashimo ya nyuma na kitambaa chepesi redio ikiwa imezimwa, ama utavikuta vimejaa kwa spika.

Ile ya zamani

Sasa hapa ndio nilijiskia fala kabisa. Dani alikuwa na redio ya zamani juu ya kabati, National Panasonic ya mawe, ilinyamaza miaka mingi iliyopita. Mimi nilikuwa nimeiona kila nikienda na nikaipita kama pambo. Januari nikirudi Nairobi nikaishukisha Mbita kwa fundi. Akaifungua, akanionyesha karatasi ya spika imepasuka pembeni, na kapasita mbili zimekauka. Akasafisha ile kidude ya sauti yenye ilikuwa inakwaruza, akaweka spika ingine ya saizi hiyo hiyo. Bei yote haikufika nusu ya ile redio ya disko.

Kwa hivyo kama kwenu kuna ya babu iko kabatini, anza na hiyo. Kama boksi halijapasuka na spika ni ya inchi nne kwenda juu, fundi aiangalie kabla uingie duka lolote. Mwambie tu asikuwekee spika yoyote aliyonayo. Namba ya omu nyuma ya mpya ilingane na ya zamani, ama isipungue.

Ile ya wati 1000 imechukuliwa na mabinamu, wanaitumia kwa disko za funga mwaka, na huko inafanya kazi yake sawa sawa. Ya dani iko kwa dirisha linaloangalia Mbita, antena imevutwa yote, waya umefungwa na kibanio cha buluu. Mara ya mwisho nikiwa huko, saa ya matangazo ilipofika, aliweka sauti chini kuliko venye mimi ningeweka. Mtangazaji akasema "nyar", akataja mahali, na dani akasema, "Huyo namjua, mamake alikuwa anauza omena Mbita," kisha akaniomba nimletee shuka yake ya kwenda matangani.